Zahanati Yenye Pampu Nyingi

Osward alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya afya pale Mpanda, na sifa yake kubwa ilikuwa kutokukadiria. Ukimwuliza kikao kilihudhuriwa na watu wangapi, hakusema "kama arobaini hivi." Alisema thelathini na wanane, na mmoja alikuwa amelala. Wenzake walimwona msumbufu. Mkuu wake, Bwana Gaspar, alimvumilia kwa sababu mwandiko wake ulisomeka.

Mwishoni mwa Januari mwaka 1997 ilifika barua kutoka Dodoma. Mheshimiwa Josephina, mbunge wa viti maalumu, alikuwa ameuliza swali bungeni: Serikali ina mpango gani na zahanati ya Lusambika, kijiji cha wavuvi kilichoko mbele ya Ikola, ziwani Tanganyika? Wizara ilitaka taarifa ndani ya siku kumi ili Naibu Waziri apate cha kujibu. Bwana Gaspar alipekua faili la Lusambika akakuta lina karatasi moja tu, nayo ilikuwa ya kuombea faili. Akamwita Osward, akamwambia aende akaone kwa macho yake.

Osward alidandia lori lililokuwa likienda Ikola kuchukua dagaa. Kwa mvua za msimu ule safari ya siku moja ikachukua tatu, na nusu ya muda huo abiria walikuwa chini wakisukuma. Kutoka Ikola alipanda mtumbwi. Alifika Lusambika ameshika viatu mkononi, akapokewa na Thacienne, muuguzi wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa akiiendesha zahanati ile peke yake.

Thacienne alimzungusha chumba kwa chumba, kazi iliyokwisha upesi kwa sababu vyumba vilikuwa viwili. Mganga hakuwepo, wa mwisho alikwenda harusini Kigoma akanogewa huko huko. Kitanda hakikuwepo, akina mama walijifungulia mkekani. Darubini ya kupimia damu hakuna, dawa zilikuwa kopo moja na nusu, na maji yalichotwa ziwani kwa ndoo. Osward aliandika yote. Walipomaliza, Thacienne akanyoosha kidole darini.

"Na popo," alisema. "Andika popo."

Osward alimweleza kwa adabu kwamba fomu haina sehemu ya popo.

"Fomu haina, zahanati inao. Wewe baba umekuja kukagua fomu au zahanati?"

Osward akaona mama huyu ana haki. Akaongeza mstari chini kabisa: Ina popo wengi. Neno "wengi" lilimuuma, lakini alikuwa amejaribu kuwahesabu mara mbili na hawakutulia.

Alirudi Mpanda siku ya tisa. Laini ya simu ilikuwa imeanguka kwa mvua, na barua kwa treni isingewahi. Ilibaki redio ya upepo, iliyoendeshwa na Rafaeli, mtu aliyeamini kwamba kadiri mji ulivyo mbali ndivyo sauti inavyotakiwa kuwa kubwa. Jioni hiyo radi ilikuwa inapiga mfululizo. Rafaeli alisoma taarifa mstari kwa mstari, mishipa ya shingo imemsimama, na kila alipofungua mdomo mbingu nazo zilifungua wa kwao. Osward, aliyesimama nyuma yake, aliomba yule wa Dodoma arudie alichoandika. Jibu likaja katikati ya mikwaruzo kwamba amepata yote, asante sana. Rafaeli akazima mashine ili kuokoa betri.

Wiki iliyofuata ofisi nzima ilizunguka redio ya Bwana Gaspar kusikiliza taarifa za Bunge. Swali lilisomwa, kisha Naibu Waziri akasimama.

"Mheshimiwa Spika, napenda kumhakikishia Mheshimiwa Mbunge kwamba zahanati ya Lusambika ina mganga, ina kitanda, ina darubini, ina dawa za kutosha, na ina pampu nyingi."

Wabunge wakapiga makofi. Pale ofisini hakuna aliyepiga. 

Mheshimiwa Josephina, ambaye mwaka uliopita alikuwa amefika Lusambika kwa miguu yake, hakubishana. Aliomba swali la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, kwa kuwa Serikali imekiri kwamba Lusambika ina pampu nyingi, na kwa kuwa wananchi wa Majimoto hawana hata moja, je, Naibu Waziri yuko tayari kuwagawia?"

Naibu Waziri alisema yuko tayari kabisa. Na kwa kuwa makofi yalikuwa yamemnogea, akaongeza kwamba mwananchi yeyote mwenye wasiwasi na huduma za Lusambika aende akajionee.

Osward alitaka barua ya masahihisho iandikwe siku hiyo hiyo. Bwana Gaspar alizima redio, akamwambia kwamba kauli ya Waziri bungeni haisahihishwi na karani. Wakae kimya, watu watasahau. Osward alirudi mezani kwake, akaifungia nakala ya taarifa yake kwenye droo.

Watu hawakusahau. Kule Majimoto alikuwepo Nyanzala, mama wa Kisukuma ambaye ukoo wao ulihamia na ng'ombe zao miaka kumi iliyopita. Baba mkwe wake, mzee Kija, alikuwa na jino lililomvimbisha shavu wiki ya pili sasa. Nyanzala aliposikia kwamba Lusambika kuna mganga na dawa za kutosha, alimfunga mzee kitambaa kichwani na kwenda kutafuta usafiri. Sokoni akakuta wenzake wamesikia redio hiyo hiyo. Walijaza lori zima, watu ishirini na sita: wagonjwa na wasindikizaji wao, na wanaume wanne wenye kamba za kufungia pampu.

Thacienne aliwaona wakishuka mitumbwini asubuhi moja. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho bila kuwakatiza. Ndipo alipofahamu kwamba ana mganga, akawauliza kama redio ilitaja anafananaje, maana wakipishana njiani angependa kumsalimia. Wale wenye kamba walizunguka jengo mara tatu kutafuta pampu. Thacienne aliwapa wagonjwa kile kidogo alichokuwa nacho, akaandika jina na ugonjwa wa kila mmoja kwenye daftari, akafunga mlango na kuwaambia wageuze safari. Lori lililowaleta lilikuwa bado liko Ikola. Waliondoka pamoja naye kwenda Mpanda.

Asubuhi walipofika Mpanda, Bwana Gaspar alikuta baraza ya ofisi ilikuwa imejaa watu na mizigo. Aliuliza wanamtafuta nani. Nyanzala, kwa niaba ya wote, akajibu kwamba wamemfuata aliyehesabu pampu. Bwana Gaspar alikumbuka ana kikao mahali fulani, akatokea mlango wa nyuma.

Osward ndiye aliyebaki. Thacienne alisimama mbele yake, tope limefika magotini.

"Uliandika nini?" alimwuliza.

Osward alifungua droo, akatoa nakala ya kaboni. Thacienne aliisoma akifuata kila mstari kwa kidole: haina mganga, haina kitanda, haina darubini. Alipofika chini kabisa, uso ukamlegea.

"Popo umewaandika," alisema.

Wakamwita Rafaeli, wakamwambia aisome tena vile alivyoisoma siku ile. Alianza, akafika mstari wa tatu, akanyamaza mwenyewe. Alikuwa amekumbuka radi. Kila aliposema "haina," ngurumo ilimeza "ha" na kuiachia Dodoma "ina" peke yake. Na popo, kwa mtu anayesikiliza kwa shida umbali wote ule, walikuwa wamegeuka pampu. Nyanzala ndiye aliyeanza kucheka, akawaeleza wenzake kwa Kisukuma, na baraza yote ikafuata. Mzee Kija alicheka ameshika shavu kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akiwaomba kwa ishara waache.

Osward hakucheka. Alimshika mzee mkono, akaongozana na wagonjwa wote mpaka hospitali ya wilaya, akapanga nao foleni kwa daftari la Thacienne. Jino la mzee Kija lilipong'olewa, Osward alikuwa ameshikwa kifundo cha mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vya mzee vilimbakizia alama mpaka kesho yake.

Jumamosi alikwenda stesheni kumngoja Mheshimiwa Josephina, aliyekuwa akirudi kutoka Dodoma. Mheshimiwa aliposhuka kwenye treni ya Tabora, alimkuta karani mwembamba aliyevaa tai, karatasi mkononi. Osward alijua akikabidhi ile nakala bila ruhusa ya mkuu wake anaweza kupoteza kazi. Aliikabidhi. Mheshimiwa aliisoma pale pale, akauliza pampu ziko wapi kwenye orodha hii.

"Mheshimiwa, ni popo," alisema Osward.

Mheshimiwa Josephina alikalia sanduku lake akacheka mpaka wachukuzi wakaja kuuliza kama anaumwa.

Bunge la Aprili alisimama na ile nakala, akaisoma yote, pamoja na mstari wa mwisho. Kisha akauliza ni ipi kauli ya Serikali. Naibu Waziri alipekua makaratasi ambayo wote walijua hayana kitu.

"Mheshimiwa Spika," alisema hatimaye, "vifaa vyote nilivyovitaja vipo. Wakati ule vilikuwa njiani."

Ukumbi uliangua kicheko hata Spika akaita utulivu mara mbili. Lakini neno likishatamkwa mle ndani haliwezi kurudishwa, na vifaa vilivyosemwa viko njiani ilibidi vitafutiwe njia. Mwezi wa Juni lori la Serikali lilifika Ikola na kitanda, darubini, maboksi kumi na manne ya dawa, na mganga kijana aliyeitwa Stanslaus, ambaye hakujua kwa nini kila aliyemwona alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni. Pampu zilikuja nne. Ofisini kulikuwa na ubishi juu ya idadi, kwa kuwa mbili zisingeweza kuitwa nyingi. Mbili zikabaki Lusambika, na mbili zikaenda Majimoto, wanaume wale wanne wakazipokea kwa kamba zao.

Osward naye alipewa barua. Alihamishiwa Lusambika kusimamia vifaa, sababu ikiwa kwamba ndiye mtumishi pekee aliyewahi kufika huko. Bwana Gaspar alimkabidhi bila kumtazama. Osward alijua ni adhabu, akafunga vitu vyake kwa huzuni, akapanda lori la dagaa.

Thacienne alimpokea ufukweni, akamkabidhi funguo kabla hajaweka begi chini. Wiki hiyo hiyo, zahanati ikiwa sasa na mganga na mtunza vifaa, alichukua likizo yake ya kwanza tangu aajiriwe, akaenda kwa dada yake Kasokola. Aliomba mwezi mmoja, akakaa miwili. Aliporudi Osward alimwuliza sababu, kwa kuwa alitakiwa kuiandika. Thacienne alisema barabara ilikuwa mbaya kwa matope. Ulikuwa mwezi wa Agosti, vumbi tupu kutoka Mpanda mpaka ziwani. Osward aliangalia fomu kwa muda, kisha akaandika matope.