Kilima Kilichofika Namba Moja

Jumapili baada ya ibada, Ovaline Stamper alikaa jikoni kwake akichambua maharagwe mabichi na kusikiliza redio ikihesabu nyimbo arobaini za wiki, kutoka ya mwisho kwenda ya kwanza. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nje ya mlango huo palikuwa na matofali mawili ya saruji ya kukanyagia. Kibaraza hakikuwepo. Kiliondoka miaka miwili nyuma, pamoja na bembea na viti viwili, asubuhi ile wimbo wa "Kibaraza cha Mama" ulipofika namba moja.

Mezani alikuwa Arvil Combs, jirani yake, mgane ambaye kila Jumapili hula kwake kwa kisingizio cha kuja kutazama bomba la maji.

"Wako kumi na moja," Ovaline alisema.

"Wimbo gani?"

"Ule wa kilima."

Arvil akaacha kutafuna. Kisha akatafuna tena, maana mkate wa mahindi ukiuacha mdomoni unakuwa uji.

"Kumi na moja si mbaya," alisema. "Wimbo wa mbwa wako ulifika kumi na nne, naye akapoteza sauti tu. Bado anakula."

"Anakula, ndiyo. Na mtu wa posta siku hizi anaingia mpaka jikoni."

Bendi inayoimba nyimbo hizo ni ya wanawe. Dwight, mkubwa, anaimba. Lonnie anapiga fidla. Wapiga ngoma na wengine wanakodishwa hukohuko Nashville na hubadilishwa wakichakaa. Walijiita Gurley Fork, jina la kijito kinachopita nyuma ya nyumba yao, Kaunti ya Harlow, mashariki mwa Kentucky, ambako hakuna asiyejua kupiga chombo cha muziki ila hakimu.

Albamu ya kwanza waliiuza wenyewe kutoka nyuma ya gari. Ilikuwa na nyimbo kumi juu ya pwani, ng'ombe wa Texas na mapenzi ya Mexico, na hakuna kati ya ndugu hao aliyewahi kufika huko. Haikuingia kwenye chati yoyote wala haikumdhuru mtu. Ndipo kampuni moja ya muziki ikawachukua na kuwaambia waimbe vya kwao, kwa sababu watu wa mijini wanapenda sana kwao, hasa kwao kwa mtu mwingine.

Wakaimba kijito. Kikafika namba thelathini na moja, na maji ya Gurley Fork yakaacha kutoa sauti. Yanapita mpaka leo, kimyakimya kama mtu aliyekosana na mkewe. Kikafuata kibaraza, namba moja kwa wiki tatu. Ikafuata "Pikapu ya Baba", namba moja kwa wiki tano, na banda likabaki na alama za matairi manne. "Wasichana wa Kwetu" uliishia namba mbili, na wasichana wengi wa kaunti wakahamia Lexington, ingawa Mchungaji Estep anashikilia kwamba hao wangeondoka hata wimbo usingepigwa. Mchungaji huyohuyo huwaombea vijana wafanikiwe, na kila mara humalizia kwa kumwomba Mungu wasije wakalikumbuka kanisa.

Watu wa Harlow hawakushangaa. Walikwisha kuona vilima vikiondoka zamani, kimoja baada ya kingine, vikichukuliwa na kampuni ya makaa ya mawe, na ile ilitumia baruti na kuacha vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Waliona kwamba muziki ni mstaarabu zaidi.

Lakini kilima cha sasa kilikuwa kile cha makaburi ya akina Stamper. Hobart, mume wa Ovaline, alilazwa juu kule baada ya makaa kumjaa mapafuni. Jiwe lake ni la watu wawili: upande mmoja jina la Hobart na tarehe zake zote mbili, upande wa pili jina la Ovaline na tarehe moja. Jumapili ya mwisho ya Mei kila mwaka, ukoo wote hupanda na mashepe, maua na masufuria, wakakata majani, wakapamba makaburi, kisha wakala palepale kwenye nyasi pamoja na wafu wao. Asiyefika siku hiyo husemwa mwaka mzima, na yasemekana hata walio chini humsema.

Ovaline hakuwa mtu wa tamaa. Hakutaka nyumba kubwa Nashville, na aliikataa alipopewa. Alitaka kuzikwa kando ya Hobart. Alikwisha kulala kando yake miaka arobaini na moja, Hobart akikoroma, na hakuona sababu ya kubadilisha mahali.

Wimbo ulipofika namba nne alimwambia Arvil awashe gari, wakaenda Nashville.

Wakawakuta vijana katika ofisi ya kampuni, wamezungukwa na santuri za dhahabu zilizotundikwa ukutani. Alikuwepo pia Trent Whitlow, mtu wa kampuni, mwenye buti za ngozi ya mamba zisizowahi kukanyaga tope. Trent alikuwa mmoja wa watunzi wa wimbo wa kilima. Nashville nyimbo hutungwa saa nne asubuhi, kama mtu anavyokwenda kung'oa jino: watu watatu huingia chumbani na magitaa na kahawa, kufikia chakula cha mchana wimbo umetoka, na kila aliyekuwemo huhesabiwa mtunzi, hata yule aliyesema "aha" tu. Siku ile Dwight alileta kilima. Trent alileta neno "vumbi".

"Mama, umekula?" Dwight aliuliza, akimkumbatia.

"Nimekula. Nimekuja kuchukua kilima changu."

"Kiko namba nne, Mama."

"Najua kiko namba ngapi. Nina redio."

Trent akamvutia kiti kwa adabu. "Bi Ovaline, wimbo ukishafika namba nne haurudi. Vituo vya redio nchi nzima vimeshajipanga. Ni kama ng'ombe anayeingia zizini. Ukimvuta mkia, atakupiga teke."

"Wewe umewahi kumwona ng'ombe?"

"Kwenye video yetu, ndiyo."

Arvil alikohoa akaangalia dirishani.

"Imbeni kilima cha mtu mwingine," Ovaline aliwaambia wanawe. "Viko tele. Hata hapa Tennessee vipo."

"Cha mwingine hakitakuwa cha kweli," Dwight alisema. "Watu wanasikia, Mama. Hawadanganyiki."

"Wanataka ukweli," Trent aliongeza.

"Na mimi mtanizika wapi? Kwenye redio?"

Dwight alikuwa na machozi, na yalikuwa ya kweli. Kijana huyo hakuwahi kuwa mbaya, ndiyo shida yake. "Mama, fikiria," alisema. "Baba alishuka mgodini miaka thelathini, hakuna aliyemjua hata aliyemlipa. Sasa Marekani nzima inamwimba. Nani angemjua Hobart Stamper?"

"Mimi namjua."

Lonnie, aliyekuwa amekaa pembeni na fidla yake magotini, alisema polepole, "Tungemwuliza Mama kwanza."

"Wewe ulikuwepo, Lonnie. Mbona hukusema?"

Lonnie aliinamisha kichwa. "Kiitikio kilikuwa kizuri, Mama."

Chati hutoka Jumatatu. Jumatatu ya pili, wimbo ukiwa umefika namba moja, Arvil alitoka kwenda kuwapa ng'ombe maji, akaona jua limefika uani mapema kuliko kawaida. Mahali pa kilima palikuwa na uwanda wa majani mafupi, safi, na kulungu wawili wamesimama katikati kama waliokosea anwani. Alimaliza kuwanywesha ng'ombe kwanza, kisha akaenda kugonga kwa Ovaline, naye akamfungulia akiwa amekwisha kuvaa koti. Walisimama pale mpaka Ovaline alipoanza kulia, na Arvil akamshikia mkoba.

Jumatano alikuja mtu wa kaunti, akafuta kilima kwenye ramani, akanywa chai ya barafu. Nyanya za Ovaline ziliiva mapema mwaka huo, kwa lile jua la ziada, na hakuzila.

Vitu hivyo havikuwa vimepotea kabisa, na hilo kila mtu alilijua. Bendi ikiimba wimbo jukwaani, kitu chake hujitokeza nyuma ya mpiga ngoma na kukaa mpaka noti ya mwisho. Arvil mwenyewe alikwenda Knoxville mwaka uliotangulia, akaiona kofia yake ingali kwenye msumari wa kibaraza. Aliipigia kelele sana. Walinzi walidhani anaomba wimbo urudiwe.

Basi Jumapili ya mwisho ya Mei iliyofuata, bendi ikiwa Lexington, Ovaline alijifunga aproni, akachukua mkasi wa majani, maua na bakuli la maharagwe, akakaa safu ya mbele kwenye ukumbi wa watu elfu ishirini. Wimbo wa kilima ulikuwa wa kufungia shughuli. Ulipoanza, kilima kikaja na makaburi yake yote, majani yakiwa bado na umande wa nyumbani. Wenye tiketi za safu ya mbele wana haki ya kupanda, na walipanda, na vikombe vyao vya bia. Jamaa mmoja mwenye ndevu alikalia jiwe la akina Stamper.

"Kaka, hapo pangu," Ovaline alimwambia.

"Samahani, mama. Sikuona namba ya kiti."

Akamsogeza kwa kiwiko. Akapiga magoti, akaanza kukata majani upande wa Hobart, akimweleza habari za nyumbani, mbwa, nyanya, paa la Arvil. Alikuwa amefika usawa wa kifua cha marehemu wimbo ulipokwisha, na akajikuta amepiga magoti kwenye mbao za jukwaa, mkasi mkononi. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Trent alimkuta nyuma ya pazia. "Bi Ovaline, umewaua! Wiki ijayo tuko Louisville. Unaweza kuja na aproni hiyohiyo?"

Ovaline alimpita kama mtu anavyopita nguzo, akamshika Dwight mkono. "Kilima kimehama, sawa. Mahali pangu hapajahama. Nikifa utanilaza kando ya baba yako."

"Naahidi, Mama."

"Unaahidi kama baba yako, au kama hawa?"

"Kama Baba."

Alifariki mwezi Februari, kwa homa iliyoshuka kifuani, kitandani mwake, upande wake wa kitanda. Bendi ilikuwa Tulsa. Arvil na wanaume watatu wa kanisani walilipakia jeneza kwenye gari, Mchungaji Estep akakaa mbele na Biblia, wakavuka majimbo mawili na kuingia la tatu. Walinzi wa ukumbi waliwaruhusu kupitia mlango wa vyombo.

Wimbo ni wa dakika nne, na kaburi halichimbwi kwa dakika nne. Dwight alitimiza ahadi yake, hilo lisemwe wazi. Alikirudia kiitikio mara nyingi kuliko mtu yeyote alivyowahi kukirudia kiitikio, na sauti ilipomkauka, Lonnie aliingia na fidla. Lonnie hakutazama watu. Aliwatazama wachimbaji, akapiga kama mtu anayezuia mlango kwa bega ili wenzake wapate kutoka. Udongo ulitoka mweusi, wenye vipande vya makaa. Watazamaji waliwasha simu zao na kuzipunga juu. Mchungaji aliomba kwa sauti kubwa na hakuna aliyemsikia, ila labda Yule aliyeombwa.

Jeneza lilishuka salama. Udongo ulikuwa umerudishwa nusu Lonnie alipoanza kutoka damu vidoleni, na upinde ukaanza kuteleza.

"Shuka, Arvil!" wenzake walipiga kelele wakiruka kutoka kilimani. "Wimbo unaisha!"

"Siwezi kumwacha jirani wazi," Arvil alijibu, akaendelea kusukuma udongo, na noti ya mwisho ikaondoka naye.

Usiku uliofuata, Wichita, alionekana akifukia. Omaha alikuwa akilainisha kwa mgongo wa sepetu. Lonnie alisogea ukingoni mwa jukwaa akamuuliza, kati ya ubeti wa pili na wa tatu, kama ana haja ya kitu.

"Mkate wa mahindi," Arvil alisema, "na mtindi baridi. Na umwambie huyo bwana wa bia ashuke kwenye jiwe la watu."

Mkate anapelekewa kila usiku. Kuhusu jiwe, Trent alieleza kwamba tiketi za safu ya mbele zimeshauzwa mpaka Septemba.

Rekodi ya usiku wa Tulsa ilitolewa majira ya kuchipua. Sauti za masepetu ziliachwa humo kwa sababu Trent alisema huo ndio ukweli. Iliingia kwenye chati namba tisa, na wiki ya tatu ikafika namba moja. Asubuhi hiyo watu wa Harlow walitoka nje wakakagua nyumba, mifugo na watoto, wakakuta kila kitu kipo, wakamshukuru Mungu. Dwight na Lonnie walipewa santuri nyingine ya dhahabu, na Jumanne, saa nne asubuhi, waliingia chumbani na Trent kuanza albamu mpya.

Kilima kinakuwa wapi saa nyingine zote, hakuna aliyeuliza. Ovaline amelala kando ya Hobart, kama alivyotaka, dakika nne kila usiku, isipokuwa Jumatatu, siku ambayo bendi hupumzika.