Mkanda Uliochukuliwa Msibani

Nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kumzika mama tu. Mwili mzima ulikuwa hoi, na jicho la kushoto daktari wa Tabora aliniambia waziwazi: likipigwa tena, litapofuka. Miaka kumi na mmoja nilikuwa bingwa wa ndondi huku magharibi, na Jumamosi iliyofuata nilitakiwa kuutetea mkanda mbele ya kijana wa Nzega, mwenye mikono mizito kama mitalimbo. Tobias, mwenyekiti wa kijiji chetu cha Ujamaa, alikwishatangaza mkutanoni kwamba bingwa wetu hakatai. Watu wakapiga makofi, na mimi mpumbavu nikainua mkono.

Habari za jicho nilimwambia mtu mmoja tu: Mwinshehe, Mzaramo wa stesheni ya Igalula. Nilikuwa nimemshinda mara tatu ulingoni, na kwa ubora baada yangu alifuata yeye. Tena ni mtani wangu. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara ya pwani, na msibani mtani hakatazwi neno. Huchukua atakacho, na usipokikomboa kimekuwa chake.

Siku ya kuanua tanga alifika akichechemea kama marehemu mama na kunigombeza kwa sauti yake. Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka. Akaingia ndani, akatoka na mkanda wangu kiunoni.

"Nimechukua!" akapiga kelele. "Asipoukomboa, kijana wa Nzega ni wangu!"

Mke wangu Eustadia alikwishamshika jogoo wa kukombolea.

"Mpe jogoo, bwana, yaishe," Tobias akanihimiza. "Jumamosi si mbali."

Mwinshehe akanisogelea, akanishika bega. Safari hii hakutania.

"Nyie Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu tangu zamani," akaninong'oneza. "Huu niachie mimi."

"Yule kijana atakuumiza, mtani."

"Nimezoea. Si umenipiga mwenyewe mara tatu?"

Nilitaka kukataa. Haki ya Mungu, nilitaka. Lakini nilimtazama jogoo yule akitupa miguu mikononi mwa mke wangu, nikaona sina nguvu hata ya kumpokea. Nikafarijika, na faraja ile ikanitia aibu kuliko kipigo chochote nilichowahi kupata.

"Mama Limbu," nikamwambia Eustadia, "mrudishe jogoo bandani."

Wanawake wakapiga vigelegele, wakidhani ni utani mtupu. Tobias alinuna, ila utani unaushitaki wapi?

Jumamosi nilikaa kwenye kona ya Mwinshehe na ndoo ya maji na taulo. Alipigwa raundi zote, akaanguka mara mbili, akainuka mara mbili. Kila ngumi iliyomfika niliiona vizuri, kwa macho yangu yote mawili.