Wale wa Rafu ya Chini

"Bado mmoja, Shemeji," mtafiti alisema, na mzee akainama kufungua kizimba cha mwisho kwenye rafu ya chini.

Panya hakukimbia. Alitoka mwenyewe, akanusa kidole cha mzee, akapanda kiganjani na kutulia. Mtafiti akalaza kipande cha plastiki angavu juu ya mgongo ulionyolewa, akachora ukingo wa kidonda kwa kalamu. Hapakuwa na mengi ya kuchora. Wiki mbili nyuma palikuwa na kidonda cha mviringo chenye upana wa kifungo cha koti. Sasa ulibaki mstari wa waridi, na manyoya yalishaanza kuota pembeni. Akamvalisha mkiani kibano cha kupimia presha. Namba ilipotokea ilikuwa ya chini, namba ya mnyama asiye na wasiwasi na mtu.

"Tumemaliza," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatamani kucheka.

Alikuwa na sababu. Kwa miaka tisa alikuwa akiifuatilia homoni moja tu, ile inayobana mishipa ya damu na kupandisha presha. Wenzake waliiona kuwa adui wa moyo, basi. Yeye alishikilia kwamba ndiyo pia inayovifanya vidonda vikatae kufunga, akachukua dawa ya kuizuia na kuigeuza marhamu. Kwanza walimcheka, kisha wakamchoka, na kuchokwa kuna maumivu yake. Leo panya kumi na wawili wa rafu ya chini, waliopakwa marhamu, walikuwa wamepona. Kumi na wawili wa rafu ya juu, waliopakwa mafuta matupu, bado vidonda vyao vilikuwa wazi. Saa nane mchana angesoma matokeo mbele ya kamati, na kamati ikikubali, mwezi ujao marhamu ingeanza kupakwa watu wenye vidonda sugu vya miguu.

Wa nne kwenye orodha ya watu hao alikuwa mama yake mzazi. Daktari wa kliniki ndiye aliyemwandikisha, bila kujua ni mama wa nani, naye mtafiti akajitia hamnazo. Kidonda kilikuwa juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, mwaka wa pili sasa. Madaktari walishasema wazi: kisipoonyesha dalili ya kufunga kufikia mwisho wa mwezi ujao, watakata chini ya goti.

"Haya shemeji, ukapumzike," mzee alimwambia panya, akamrudisha kizimbani. Kila panya kwake alikuwa shemeji. Alikuwa ametunza wanyama wa jengo lile tangu mtafiti akiwa mwanafunzi, na utani wake ukamgeukia mwenyewe: jengo zima likamwita Shemeji, hata Profesa, ambaye hakuwa mtu wa mizaha.

Mzee akapanda ngazi fupi kwa kujivuta, mkono mmoja gotini, kuangalia maji ya wale wa juu. Panya wote wakajibana pembeni.

"Mbona hawa wanakukimbia?" mtafiti aliuliza kwa mzaha. "Umewakosea nini?"

"Hatujazoeana tu. Na goti hili nitapanda huku mara ngapi? Nawapa chakula, nashuka. Lakini hawa wa chini, ah! Mchana nikila nakaa hapahapa, tunapiga soga, nampakata huyu, nampakata yule. Hawa damu zetu zimepatana, Daktari."

Mtafiti akacheka. Ni maneno ya kila siku. Watu huyasema juu ya mtu waliyempenda bila kujua kwa nini. Kicheko kilifika nusu, kikakatika. Neno lile damu lilimrudisha kwenye namba za presha alizotoka kuzipima.

"Umekuwa ukiwapakata tangu lini?"

"Tangu walipoletwa, kabla hata hujawatia vidonda. Kwani nimekosea?"

"Na Jumatatu? Kila Jumatatu tulipaswa kubadilisha vizimba, wa juu washuke, wa chini wapande, wote wapate hali moja."

Mzee akashuka ngazi taratibu. "Si wewe uliniambia niache? Ile wiki ya kwanza, goti lilipovimba. Ukasema, 'Acha tu, mzee wangu, usijiumize.' Nikakuombea dua siku ile."

Ni kweli alisema, na jibu alilijua kabla hajauliza. Na kila Jumatatu alikuwa ametia alama ya vema kwenye jedwali, palipoandikwa "Vizimba vimehamishwa", kwa sababu nafasi tupu ingeleta maswali, na lilikuwa jambo dogo. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya kwanza, kabla hata tone la marhamu halijapakwa. Presha za wale wa chini zilikuwa tayari ndogo kuliko za wale wa juu. Alikuwa ameziona siku ile ile, akajiambia ni bahati. Yeye aliyeandika kwa mkono wake kwamba hofu huamsha homoni ile, na homoni ile huchelewesha kidonda, aliwaweka waliobembelezwa rafu moja na wasiobembelezwa rafu nyingine, kisha akaipa marhamu sifa zote.

Huenda marhamu ilifanya kazi. Huenda ilikuwa mikono ya Shemeji. Hakukuwa na njia ya kujua ila kuanza upya, na kuanza upya, kuanzia kibali hadi panya wapya, ni miezi minane. Mguu wa mama haukuwa na miezi minane.

"Daktari, kuna nini?" mzee alisema. "Nimekuharibia kazi?"

"Hapana. Hukuharibu kitu."

Alijifungia chooni, akaketi juu ya kifuniko, akashika tama. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Nani angeuliza? Jedwali lilikuwa safi, limejaa alama. Lakini dawa ile ilikuwa ya kushusha presha, na ikipenya kwenye kidonda kibichi cha mgonjwa mzee inaweza kumwangusha asiamke. Kabla ya mama yake kulikuwa na watatu asiowajua. Akajaribu kuwafikiria hao watatu, lakini kila alipojaribu aliuona mguu mmoja tu. Alimchukia Shemeji kwa dakika moja nzima, kisha akajichukia mwenyewe kwa muda mrefu zaidi.

Saa nane alisoma kurasa mbili, akafika kwenye jedwali, akasimama.

"Vizimba havikuhamishwa," alisema. "Hata mara moja."

Profesa, aliyeongoza kamati, akavua miwani. "Hizi alama ni za nani?"

"Zangu."

"Na mtunzaji?"

"Alifanya nilivyomwambia."

Walimuuliza mengine, akayajibu yote. Mmoja akafunga faili lake polepole, kwa adabu, kama mtu anayeondoka msibani.

"Basi hapa hakuna matokeo," Profesa alisema.

"Kuna swali, Profesa."

"Swali tulikuwa nalo miaka tisa, Daktari."

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni lake la kutokea, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Chumba kilinuka dawa ya kuoshea vidonda na ile harufu nyingine ambayo wote wawili hawakuitaja.

"Wamekubali?"

"Hawakukubali, mama."

"Wana nini hao?"

"Nilikosea namna ya kuwapanga panya. Nikawaambia."

Mama akamtazama. "Waligundua wao?"

"Hapana. Niligundua mimi."

Huyu ndiye mama aliyewahi kumrudisha shuleni kwa miguu, juani, akarudishe kipande cha penseli kisicho chake. Mtafiti alisubiri. Ukweli ni kwamba alikuwa na njaa ya neno moja la kumsifu, mtu mzima yule, mwenye mvi.

"Ungenyamaza," mama alisema.

"Mama..."

"Ungenyamaza tu, mwanangu. Mimi ningepakwa hata maji, ningeshukuru."

Ilimuuma zaidi kwa sababu mama hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba kitu kidogo. Mtafiti akapiga magoti sakafuni, akaanza kufungua bandeji, mzunguko kwa mzunguko, akilowesha pale ilipogandia nyama ili asimtoneshe. Kidonda kilikuwa kilekile cha jana.

"Kaniandikishie tarehe ya kukatwa mapema," mama alisema juu ya kichwa chake. "Kabla ya mvua. Magongo na matope hayapatani."

"Sawa."

"Na usilie juu ya kidonda changu, kitaingia chumvi."

Alijaribu kucheka, akashindwa. Alipoinua macho, mama hakuwa akimwangalia. Alikuwa ameinamia mguu wake mwenyewe, anavichezesha vidole, kimoja baada ya kingine, vyote vitano, navyo vilikuwa vikimtii.