Neno Lililopata Mwenyewe

Asubuhi hiyo Filoniko alifika kwenye varanda ya soko la Pompei, alikofundishia watoto kusoma, akakuta ukuta umepakwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za tangazo la uchaguzi: FILONIKO NI MENTULA. Kwa Kilatini ni jina la uume hilo, tena la kilabuni, na hata mlevi hutazama kwanza kama mama yake hayupo karibu. Wazazi watatu walishawashika watoto wao mkono, wanaondoka. Wakiwafuata wengine, shule imekufa.

Aliyeamuru alijulikana. Ni Trebelio, bwana wake wa zamani, aliyemchapa viboko miaka kumi na miwili ya utumwa, na sasa anagombea usimamizi wa soko. Filoniko alikuwa amekataa kumpigia debe. Damu ikamchemka.

"Nikuletee maji ufute, mwalimu?" akauliza Vibia, muuza samaki.

"Acha likae, mama. Leo hilo ndilo somo."

Akawakalisha watoto. Wapo wanaosema neno hili limetokana na "menta", yaani mnanaa, akawaambia, kile kijiti chake. Na ingawa kitu chenyewe ni cha wanaume, kwenye sarufi neno ni la kike. Wavulana wakaangua kicheko.

"Sasa tuligeuze kisarufi: la mtenda, la mwenye kitu, la mtendwa, kila umbo na mfano wake. Kwa sauti!"

"Mentula anagombea! Mlango wa mentula ni mwekundu! Nani atamchagua mentula?"

Mji mzima ulijua mlango mwekundu ni wa nani. Jina hakulitaja hata mara moja. Ashtakiwe kwa lipi? Vibia alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Wale wazazi watatu wakarudi kusikiliza.

Mara huyo Trebelio, joho lake limepakwa chaki, jeupe pe, kama la mgombea yeyote. Mgombea haachi kuitika. Hata ombaomba akimwita, hugeuka akachekacheka. Mwezi mzima alikuwa akiitika hivyo, shingo imeshazoea.

Filoniko alimwona, moyo ukamdunda kwa raha.

"La mwisho, wanangu. Umbo la kumwita mtu!"

"Ewe mentula!"

Trebelio akageuka, meno yote nje, mkono juu. "Nipo, ndugu zangu!"

Soko zima likapasuka kwa kicheko.

"Ameitika!" Vibia akapiga kelele. "Jamani, ameitika mwenyewe!"

Filoniko akachukua chokaa, akafuta jina lake ukutani. Lile neno akaliacha.