Mguu wa Ildefonsi na Taa Mpya za Breki

Kabla ya taa mpya hakuna mtu aliyewahi kusema neno juu ya mguu wa mume wangu. Miaka yote Ildefonsi ameendesha gari letu kutoka Heru Juu kwenda Kasulu mjini, na watu wamepanda, wamepakia maharage yao, wamefika salama, wameshuka. Anayesema vingine aje aniambie usoni. Ila taa za breki zilipobadilishwa, haikupita wiki kijiji kizima kikawa daktari.

Ngoja nianze na globu, maana ndizo zilizotuingiza matatani. Gari letu lilikuwa linakula globu za breki kama mtoto anavyokula karanga. Unaweka mpya, unageuka, imeungua. Ildefonsi alikuwa anatembea na za akiba ndani ya kopo la kahawa, amezifunga kwa pamba kama mayai. Siku moja, njia ya Kibondo, trafiki alimsimamisha akamwambia, "Mzee, ukifunga breki, wa nyuma yako anajuaje? Kwa maombi?" Abiria wakacheka. Mume wangu ni mtu wa aibu. Alirudi nyumbani, akala nusu sahani, na kesho yake tukaenda kwa Badru.

Badru ni fundi umeme wa magari, ana kibanda chake nyuma ya soko la Kasulu. Babu yake alitoka Pangani, naye hachoki kukukumbusha, hata kama umekwenda kuchaji betri tu.

"Mzee wangu, hizi globu zimepitwa na wakati," alisema. "Ndani kuna waya, na ule waya lazima upate moto kwanza ndipo uwake. Barabara yako hiyo ya mashimo, waya unatikisika, unakatika. Tuweke LED. Haina waya wa kukatika, haili umeme, na ukigusa breki tu, papo hapo imewaka."

"Zitadumu?" Ildefonsi akauliza.

"Utawarithisha wajukuu."

Nilikalia ndoo iliyopinduliwa, nikamwangalia akifanya kazi. Alifungua vifuniko vyekundu, akapuliza vumbi letu la Heru Juu lililojaa humo ndani, akachomoa globu za zamani na kuchomeka zile mpya, ambazo badala ya kioo zina vidonge vidogo vya njano kama punje za mahindi. Ya kushoto ikawaka. Ya kulia ikagoma.

"Badru, umetuuzia kipofu," nikamwambia.

Akacheka, akaichomoa, akaigeuza, akairudisha. Ikawaka. "Hizi zinachagua upande, mama. Globu ya zamani ilikuwa haichagui."

Kisha akamwambia Ildefonsi aingie akanyage breki, nami nikasimama nyuma. Lo! Ule wekundu ulinichoma macho mchana kweupe. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nilisema sasa hata yule trafiki atatafuta miwani.

Furaha yenyewe haikukaa. Wa kwanza kuleta maneno alikuwa Niyongabo, jirani yetu, dereva wa bodaboda. Alikuwa nyuma ya Ildefonsi kutoka mjini, na jioni akanikuta dukani.

"Mama Fidele, mzee ana nini? Anagusagusa breki njia nzima. Hata kwenye mlima! Nani anafunga breki akipanda mlima?"

Nilimjibu kwamba anaangalia sana taa za watu badala ya kuangalia barabara, ndiyo maana kila mara tunamtoa mtaroni. Wenzake wakamcheka, nami nikaondoka na sukari yangu. Lakini neno lilikuwa limekwisha niingia. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mwenyewe.

"Baba Fidele, unakanyaga breki ukipanda mlima?"

"Oya, hapana. Sikanyagi."

"Niyongabo ameona."

"Ameona taa. Mguu wangu ameuonea wapi?"

Lilikuwa jibu zuri. Kwa bahati mbaya jibu zuri halina miguu, na maneno ya Niyongabo yalikuwa na pikipiki.

Kisha akaja Fidele. Huyu ni mwanetu wa kwanza, ana duka la simu Kibondo, kijana mwenye huruma ila anaharakisha mambo. Alikuja kutusalimu, akakutana na baba yake Kasulu, akamfuata na pikipiki hadi nyumbani. Alipofika hakukaa. Nilimpa maji, akaishika tu ile bilauri. Akanivuta nyuma ya jiko.

"Mama, mguu wa baba unatetemeka."

"Nani kasema?"

"Nimeona mimi. Taa inawaka inazima, inawaka inazima, haraka haraka. Hivi." Akanionyesha kwa vidole, na vile vidole vikanikata maini.

Lazima nikueleze kwa nini. Ildefonsi alikuwa na kaka yake, Tharsisi, Mungu amlaze pema. Ugonjwa wa Tharsisi ulianzia mguuni. Tulikuwa tunauona kanisani, kisigino kinagonga sakafu wakati wa mahubiri, tukadhani amechoshwa na mhubiri kama sisi wengine. Baadaye ukapanda mikononi. Mwishoni hata kijiko cha uji kilimshinda, na mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Kwa hiyo Fidele alipotaja mguu, hakuwa na haja ya kuendelea.

Alizungumza na baba yake kwa adabu, siwezi kumsingizia. "Baba, tushukuru hakuna aliyeumia. Jumamosi nitakuja nilichukue gari, kuna mtu Kibondo analitaka. Na Jumatatu twende hospitali Kabanga, wakuangalie."

Nilitegemea Ildefonsi atang'aka. Kama angeng'aka ningelala usingizi. Badala yake alitoa funguo mfukoni, akazitundika kwenye msumari, akaketi, akaweka kiganja juu ya goti lake la kulia na kulikandamiza, kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria kisiruke. Niliogopa mpaka nikasahau chumvi kwenye mboga.

Wahenga wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wa Heru Juu walichukua nusu ya kwanza ya methali, wakaniachia mimi nusu ya pili nyumbani. Maana ilikuja kweli. Ildefonsi akaanza kuchechemea. Mtu aliyekuwa anabeba gunia begani juzi, akakata tawi la mkaratusi, akalichonga fimbo. Akitaka kunywa chai aliutazama kwanza mkono wake, kama umetulia. Majirani wakaanza kutupa pole. Wanawake wakaleta ndizi, kana kwamba kuna msiba umekwisha pangiwa tarehe. Nilizipokea kwa tabasamu, nikazitupia mbuzi wetu.

Jumamosi Fidele alifika asubuhi. Ildefonsi hakutoka ndani, alisema kuna baridi. Hapakuwa na baridi yoyote.

Gari letu siku zote huegeshwa nyuma yake ikielekea migombani. Siku hiyo Fidele aliligeuza pale uani ili apakie magunia ya maharage ya mkewe, akaliacha linaunguruma, akaingia stoo kutafuta kamba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya gari, nimemshika kuku wa kumpelekea mkamwana. Nilikuwa nalia, nasema wazi, na kuku naye alikuwa ananipigia kelele kwapani. Ndipo nikaiona ile taa.

Ilikuwa inatetemeka. Inawaka, inazima, inawaka, inazima, vilevile alivyonionyesha Fidele kwa vidole. Nikajisemea, kumbe ndivyo unavyoonekana mguu wa mume wangu. Machozi yakazidi. Halafu nikajiuliza: mguu wa nani?

Nikazunguka upande wa dereva. Mlango ulikuwa wazi. Kiti hakikuwa na mtu. Pedeli ya breki ilikuwa pale chini peke yake, haikuguswa na mguu wa Ildefonsi wala wa kiumbe mwingine yeyote wa Mungu.

Nilimwachia kuku. "Fidele! Njoo! Njoo umwone mgonjwa!"

Akatoka stoo mbio, kamba shingoni. "Baba ameanguka?"

"Baba yako yuko ndani. Hebu niambie anayetetemeka humu ni nani."

Fidele akaitazama taa. Akakitazama kiti. Akaitazama taa tena, mdomo wazi. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono, akaivuta pedeli juu kwa vidole. Taa ikazima, ikatulia tuli. Akaiachia, ikaanza tena ngoma yake. Juu ya kapeti, chini ya pedeli, palikuwa na vipande vya plastiki vilivyomeguka kama makombo ya biskuti.

Tukampigia Badru, Fidele akaweka spika. Badru alisikiliza, akacheka kicheko kirefu cha watu wa Pangani.

"Hicho ni kiraba cha swichi, kaka. Kipo pale kwenye pedeli. Mtu akitoa mguu, kiraba kinasukuma kitufe, taa inazima. Sasa kimezeeka, kimevunjika, kitufe kimebaki nusu nusu. Gari likitikisika kidogo, taa inawaka yenyewe."

"Mbona zamani hatukuona?"

"Globu ya zamani ni mvivu! Ukiigusa kidogo tu hata moto haijapata, ushaiachia. Utaona nini, na vumbi lile? LED haifichi, inasema kila kitu. Na ndiyo maana globu zenu zilikuwa zinaungua ovyo, zilikuwa kazini kutwa nzima. Njooni, kiraba ninacho, kitu chenyewe kama kifungo cha shati."

"Na siku ile ulivyotubadilishia taa, hukukiona?" nikamuuliza.

Ghafla mtandao ukawa mbaya upande wake.

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi na kitenge changu cha kanisani. Nilimshukuru Mungu kwa Kiswahili, nikaona haitoshi, nikamshukuru kwa Kirundi. Na usije ukaniona mjinga: Kabanga tulikwenda hata hivyo. Daktari alimgonga goti, akamwambia anyooshe mikono, akamtembeza kwenda na kurudi, akasema hajaona ugonjwa wowote wa kutetemeka, mzee arudi kwenye kazi zake.

Lakini hayo ni ya Jumatatu. Siku ile uani, nilipoinua macho, Ildefonsi alikuwa amesimama kizingitini na fimbo yake. Alikuwa amesikia yote.

Alikuja akichechemea hadi nyuma ya gari, akasimama mbele ya taa, akaiangalia ikitetemeka bila yeye. Akazunguka, akakiangalia kiti kitupu. Akachutama, akaokota kipande kimoja cha plastiki, akakisugua kati ya vidole mpaka kikawa unga. Aliporudi barazani alikuwa anatembea sawasawa, na fimbo ilibaki imeegemea bampa. Sidhani kama alijua kwamba ameiacha.

Alikaa kwenye ngazi, akavua kiatu cha kulia, akavua na soksi. Akauweka mguu wake juu ya goti la pili, akaushika kwa mikono yote miwili, akautazama kama mtoto uliyemchapa bure kwa kosa la mwenzake.

"Mguu huu nimetoka nao Burundi nikiwa mdogo," alisema, wala hakuwa anatuambia sisi. "Tulivuka Malagarasi, maji yananifika kifuani, mama amenishika mkono. Kama ungetetemeka siku ile, leo nisingekuwepo. Halafu taa inasema neno moja, na mimi nauchongea fimbo." Akaupapasa kwenye kisigino. "Mbabarira," akauambia. "Mbabarira, mguu wangu."

Nilimjua mume wangu kwa aibu yake na kwa ukimya wake, lakini sikuwahi kumsikia akiomba msamaha kwa sauti ile. Kumbe naye aliamini. Sisi wote tuliamini, na yeye, mwenye mguu, aliamini kutushinda.

Fidele alikuwa bado na kamba shingoni, macho chini. Ildefonsi akavaa soksi, akavaa kiatu, akafunga kamba zake taratibu, akasimama. Hakumlaumu mtu. Akanyoosha mkono tu.

"Funguo," akasema.

Fidele akaenda, akazima injini, akazichomoa, akamletea baba yake kwa mikono miwili.