Mshale wa Saa Kumi na Mbili

Mgeni aliingia akiwa amefumba ngumi ya kulia, na alipokaribishwa kiti hakuifumbua. Nje, malori yanayosubiri kuvuka daraja la Rusumo yalinguruma foleni nzima, hata ikambidi Auleria ainamie kaunta ili amsikie.

“Namtafuta Mzee Protasi. Fundi saa.”

“Alifariki wakati wa Kwaresima. Mimi ni binti yake.”

“Poleni sana, dada.” Mgeni alitazama vioo vya simu na betri zilizotandazwa kaunta nzima. “Basi ngoja nisikusumbue.”

“Kwani saa yako inamjua mtu mmoja tu?”

Mgeni akatabasamu kidogo, akafumbua ngumi. Ndani ya leso mlikuwa na saa ya mkono ya kutia ufunguo, uso wake mweupe umegeuka rangi ya chai. Auleria aliitambua kabla hajaigusa. Baba yake alinunua mbili zilizofanana kabla yeye hajazaliwa. Moja akaivaa, nyingine akamuuzia rafiki yake wa Murukulazo. Ile ya baba sasa ilikuwa kwenye mkono wa Auleria, imelegea kama bangili.

“Wewe ni wa kwa Mzee Ndikumana.”

“Mwanawe. Niyongabo.”

Saa ile ilikuwa na duara dogo upande wa chini, pale palipoandikwa sita na ambapo watu wote wa nchi hii husoma saa kumi na mbili. Ndani ya duara hilo ndimo mshale wa sekunde ulimozunguka peke yake, mfupi kama punje ya mchele. Sasa duara lilikuwa tupu. Mshale wenyewe ulikuwa umefungwa kwenye pembe ya leso.

“Lakini inatembea,” Auleria alisema, ameiweka sikioni.

“Inatembea kwetu sisi wenye masikio. Mzee masikio yake yamekwisha. Kila asubuhi alikuwa anaitia ufunguo, anautazama huo mshale, akiuona unazunguka basi, anakwenda kwenye migomba yake. Tangu udondoke anasema saa imekufa. Haitii ufunguo. Na migomba haendi. Anakaa tu, ameegemea ukuta.”

“Mnunulie yenye mshale wa katikati. Ni mrefu, unaonekana hata kutoka mlangoni.”

“Nilimnunulia! Aliivaa siku moja akanirudishia. Anasema mshale ule unakimbia juu ya saa zote kama mtu anayefukuzwa, unakatiza mashamba ya watu. Huu wake una uwanja wake. Umekaa kwake.”

Auleria alicheka. Niyongabo naye alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. “Mzee alitoka Burundi kwa miguu, dada. Mara mbili.”

Labda ni sentensi hiyo. Labda ni yale macho yaliyopita juu ya betri zake na kutaka kuondoka. Auleria alijisikia akisema, “Mlete Ijumaa. Akifika, mshale utakuwa unatembea.”

Baba yake alikuwa na neno moja alilolirudia kuliko sala: usiahidi kabla hujafungua mgongo wa saa. Auleria alilikumbuka mgeni alipokwisha kwenda, bisibisi ikiwa mkononi. Alidhani mshale umechomoka tu. Kumbe umekatika. Katika saa za namna ile, gurudumu linalobeba sekunde lina ncha ndefu inayopenya hadi usoni, na mshale huvikwa juu ya ncha hiyo. Ncha ilikuwa imevunjika. Kipande kilichobaki kilitosha kulizungusha gurudumu, hakikutosha kubeba kitu.

Alimwaga droo yote ya marehemu. Magurudumu yalikuwapo, lakini ya saa zenye mshale wa katikati, ncha zake fupi; hayakuumbwa yaone mwanga. Alimpigia fundi mmoja wa Mwanza aliyekuwa mtani wa baba yake.

“Hizo ziliisha pamoja na wenyewe,” fundi alisema. “Mwambie mzee atazame simu, ina sekunde hadi za kubakiza.”

Gurudumu zima lilikuwa moja tu alilolijua, na lilikuwa likizunguka juu ya mshipa wa mkono wake.

Alipomaliza chuo, Auleria alirudi nyumbani kusubiri ajira, na wakati anasubiri baba akaugua. Hakulia sana msibani. Ila kila asubuhi, kabla ya kuinua mlango wa duka, aliitia ile saa ufunguo, akautazama mshale mdogo ukianza safari yake pale saa kumi na mbili, mahali ambapo jua huzama na kuchomoza, na kwa muda mfupi duka lilikuwa na watu wawili. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Alimcheka Mzee Ndikumana kwa jambo hilo hilo.

Angeweza kusema imeshindikana. Fundi hushindwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alhamisi baada ya chakula akampigia Niyongabo amwambie hivyo.

“Dada! Mzee amefua koti lake mwenyewe, liko kwenye kamba. Anaogopa mvua.”

Auleria aliigusa saa iliyokuwa mkononi mwake.

“Nilitaka kujua mtafika saa ngapi.”

“Saa nne. Saa nne ya huku, si ya ng’ambo ya mto, Rwanda, iliyo nyuma saa nzima.”

“Ya ng’ambo mtanikuta nimechoka,” alisema, akakata simu.

Akaivua saa ya baba yake, akaifungua mgongo. Alifanya kazi polepole, lenzi jichoni, akisimama kila lori zito lilipopita na kuitikisa meza. Gurudumu zima akaliweka kwa Ndikumana. Lile lililovunjika akaliweka kwa Protasi. Halikuwa na ubaya mwingine. Mshale wa baba ulibaki juu ya karatasi, hauna pa kukaa. Aliuweka ndani ya kikopo cha vidonge, akakifunga.

Ijumaa walifika kwa pikipiki. Mzee alikuwa mwembamba ndani ya koti linalonukia sabuni.

“Shikamoo, mzee!” Auleria alipaza sauti hadi madereva wakageuka.

“Marahaba, mwanangu. Usipige kelele, sisikii.”

Akaipokea saa. Hakuuangalia mshale mara moja. Kwanza alikishika kitufe chake kwa vidole viwili, akatia ufunguo hadi ukakaza, kisha ndipo akainama. Alitazama muda mrefu. Kidole chake kilianza kwenda pamoja na mshale, duara dogo hewani.

“Iragenda,” alisema kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anayemtolea taarifa jirani. Inakwenda.

Niyongabo alijifanya anatazama malori.

Alipokuwa anaaga, mzee aliushika mkono wa Auleria na kuugeuza. Aliiona saa, akalitambua lile duara tupu la chini. Akainua macho.

“Ya Protasi imekufa?”

Auleria akatikisa kichwa kukataa. Kisha akauinua mkono wake, akauweka sikioni, na kati ya ngurumo za injini zote zile akatulia, anasikiliza, mzee akimtazama.