Mkono wa Daktari Urrutia

Kila Jumatano zahanati ya kijiji cha Pozo del Tordo ilitibu huzuni. Muuguzi Zulma alipangusa kioo cha kompyuta, akawafukuza kuku, akamkalisha Nélida Barrientos, mjane, kwenye kiti chenye mto. Kwenye kioo akatokea daktari Urrutia, aliyekuwa mji mkuu, safari ya siku nzima kwa basi.

"Wiki hizi mbili umejisikia mnyonge, doña Nélida?"

"Mvua imegoma, daktari," alijibu Nélida.

Alikuwa na neno moja tu la kumwambia. Tangu mumewe Anselmo afariki, kila asubuhi alipokwenda kuchota maji alifunua kisima akatazama chini muda mrefu kuliko ndoo inavyohitaji, na sasa alikuwa ameanza kujiogopa. Lakini huku kwetu nyikani Chaco neno zito halisemwi koo likiwa kavu. Kibuyu cha yerba, chai chungu ya majani inayonyonywa kwa mrija, huzunguka kwanza: cha kwanza ni cha habari za mvua, cha pili cha mifugo, cha tatu ndipo mtu hufungua moyo. Wizara, ambayo haijapata kusikia kwamba haraka haraka haina baraka, ilimpa kila mwenye huzuni robo saa. Ikiisha, kioo hujizima chenyewe na kumwomba mgonjwa aisifu huduma kwa nyota. Nélida ni mtu wa adabu, hivyo kila mara alizitoa zote.

Jumatano moja akaja na birika na kibuyu chake. Alimimina, akanywa cha kwanza kama mwenyeji anavyopaswa, akajaza tena, akakinyoosha kibuyu kuelekea kwenye kioo. Daktari Urrutia, mtoto aliyelelewa akaleleka, akatoa mkono nje ya kioo akakipokea. Kifungo cha shati lake kilikuwa kimelegea.

"Mrija una moto huo, daktari, usije ukaungua," alisema Zulma.

"Mimi nimekulia hapohapo kwenye mrija, dada."

Wakaongea mvua. Wakaongea mbuzi, na mbuzi walichukua muda, maana mmoja alikuwa anaharisha. Nélida akajaza cha tatu, mkono ukaja kukichukua.

"Daktari, asubuhi nikienda pale kisimani..."

Kioo kikazimika. Nyota zikatokea. Mkono ukabaki upande huu, umeishia kwenye kiwiko, bila damu, umeshika kibuyu.

"Wametukatia tena," alisema Zulma. "Sasa huko atakula kwa mkono gani?"

"Ana wa kushoto," alisema Nélida, akatoa nyota.

Zulma akapiga simu wizarani, nao wakajibu siku ileile, jambo ambalo halijapata kutokea. Walisema kwa kuwa sasa daktari yupo kijijini kwa mwili, walau kwa sehemu, Pozo del Tordo haihitaji tena matibabu ya mbali. Fundi akaja kuchukua kompyuta. Gavana naye akaja kuuzindua mkono, akapeana nao salamu mbele ya wapiga picha, akahutubia juu ya kuwasogezea wananchi huduma.

"Mkono mmoja haulei mwana!" alipaza sauti mzee Hilario kutoka nyuma.

"Wa pili utakuja kwenye bajeti ijayo," alijibu gavana, akapigiwa makofi.

Ni mkono mwema, tusiunyime haki yake. Una joto, haumwachii mtu vidole kwa haraka, na dawa huziandika kwa mwandiko usiosomeka, kama daktari mzima. Wagonjwa hutoka pale wametulia. Mimi kila nikiuona hupandwa na hasira, lakini hilo halijamponya mtu.

Jumatano iliyofuata Nélida aliketi mbele ya mkono. Zulma alikuwa nje na kuku. Hapakuwa na robo saa tena. Vibuyu viwili vikapita taratibu, na mbuzi alikuwa amepona. Kwenye cha tatu akasema:

"Daktari, kila asubuhi natazama ndani ya kisima. Naogopa siku moja nitajitupa."

Mkono ukasikiliza kwa kadiri mkono unavyoweza. Ukambonyeza vidole, ukampigapiga kiganjani, kisha ukashika kalamu ukamwandikia vidonge vya usingizi, vilevile ulivyomwandikia kila mtu.

"Leo umepata nafasi ya kusema?" aliuliza Zulma mlangoni.

"Leo nimesema yote."

"Afadhali, mama. Na hivyo vidonge umeze kwa maji mengi."

Nélida akakung'uta kibuyu, akaaga, akaenda nyumbani kuchota maji.